Mwili wa Chura Hufuata Mwenendo Wake

Mvua za kwanza zinapowatoa kumbikumbi ardhini, chini ya taa za mitaa ya Dar es Salaam na Morogoro hutokea chura anayefahamika na kila mtu: mnene, mwenye ngozi ya vipele, miguu mifupi, na uvimbe mrefu nyuma ya kila jicho. Jina lake la kitaalamu ni Sclerophrys gutturalis. Katika korongo la Mto Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa, yuko ndugu yake aitwaye Nectophrynoides asperginis, chura wa rangi ya manjano ambaye jike wake mkubwa kabisa hafikii sentimita 3. Wa kwanza hutaga mayai maelfu kwa maelfu dimbwini na kuyaacha. Wa pili hubeba watoto wake tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili. Wote wawili ni wa ukoo mmoja, Bufonidae, wenye spishi zaidi ya 600 duniani, nyingi zikiwa za nchi za joto. Imekuwaje ndugu hawa wakatofautiana kiasi hiki kimaumbile?

Jibu la haraka ni kwamba wanaishi katika mazingira tofauti. Ni kweli, ila jibu hilo linaacha pengo kubwa. Msitu mmoja wa Uluguru una spishi kadhaa za ukoo huu, zinanyeshewa mvua ile ile na kuishi juu ya udongo ule ule, na bado hazifanani kwa ukubwa, kwa tezi wala kwa miguu. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba makazi hayaugusi mwili moja kwa moja. Hupitia kwanza katika tabia: mnyama anapata wapi maji, anawindaje, anajiokoaje, anazalia wapi. Mwenendo huo ndio unaokipa kila kiungo kazi, na kazi ikidumu kwa vizazi vingi, kiungo hubadilika kuifuata. Anayelisoma umbo la chura bila kumtazama anavyoishi atakosea mara nyingi kuliko atakavyopatia.

Mwili wa msafiri

Kabla ya kueleza tofauti, tujue kinachowaunganisha. Vyura wa Bufonidae hawana meno hata moja. Wengi wana mwili mfupi na mpana, miguu ya nyuma isiyo mirefu, na tezi za sumu zilizotapakaa kwenye ngozi. Chimbuko la ukoo huu ni Amerika ya Kusini, na kutoka huko ulienea karibu kila mahali penye joto la kutosha. Kabla ya binadamu kuwabeba, Australia na Madagaska ni miongoni mwa sehemu chache kubwa ambazo hawakuwahi kufika.

Walieneaje hivyo, ilhali chura ni mnyama wa ngozi laini anayekauka upesi? Mwaka 2010 Ines Van Bocxlaer na wenzake walichapisha jibu katika jarida la Science. Walipolinganisha nasaba za vyura hawa na sifa zao, waligundua kwamba matawi yaliyovuka mabara yalikuwa na mkusanyiko unaofanana: mwili mkubwa, tezi kubwa za sumu nyuma ya macho, akiba ya mafuta ndani ya mwili, watu wazima wanaoweza kuishi mbali na maji, mayai mengi kwa mzao mmoja, na kutochagua sana dimbwi la kutagia. Sifa hizo zilijengeka hatua kwa hatua, kisha ukoo ukalipuka kwa kuenea.

Orodha hiyo inafaa kusomwa kwa makini. Nusu yake ni umbo, nusu yake ni tabia, na hakuna nusu inayofanya kazi bila mwenzake. Mwili mkubwa wenye akiba ya maji na mafuta haumsaidii chura anayelazimika kutagia kwenye tundu moja la mti. Vilevile, ujasiri wa kutagia kwenye dimbwi lolote la barabarani haumfai chura mdogo ambaye atakauka kabla ya kulifikia. Chura wetu wa mitaani ni mrithi wa mwili huo wa msafiri. Wale wa Kihansi na wa misitu ya milimani wametoka katika ukoo huo huo wa wasafiri, lakini wamejifunga mahali pamoja, na mwili ukabadilika kadiri walivyoacha kusafiri.

Maji kwanza

Chura hanywi kwa mdomo. Maji huingia kwa ngozi, hasa ile ngozi nyembamba yenye mishipa mingi ya damu iliyo chini ya tumbo na kwenye mapaja. Jambo hili linaonekana kwa macho usiku wa kiangazi karibu na bomba linalovuja. Chura anafika polepole, anatulia kwenye saruji yenye unyevu, kisha anaitanua miguu ya nyuma na kujibana chini mpaka tumbo lote linagusa sakafu. Kichwa kinabaki juu, macho wazi, ngozi ya koo ikipanda na kushuka haraka. Anaweza kukaa hivyo kwa muda mrefu bila kusogea, na akiondoka anaonekana amejaa kuliko alivyokuja. Sehemu ya maji hayo huhifadhiwa kwenye kibofu, na mwili huyavuta tena ukame unapombana.

Hapa hesabu ya ukubwa inaingia. Mnyama mdogo ana ngozi nyingi kulingana na ujazo wake, kwa hiyo hupoteza maji upesi kuliko mkubwa. Ndiyo maana mwili mkubwa, wa mviringo, wenye viungo vifupi vinavyokunjwa ubavuni, huwafaa wanaoishi nyikani, mashambani na mijini. Viungo virefu vyembamba huongeza eneo la kukaukia, na kwa kawaida huwapata wenye makazi yasiyokosa unyevu, kando ya vijito na katika misitu ya mawingu.

Lakini kanuni hii ina mipaka, na mipaka yake huwekwa na tabia. Kwenye Mlima Nimba, mahali Guinea, Côte d'Ivoire na Liberia zinapokutana, anaishi Nimbaphrynoides occidentalis, chura mdogo sana wa nyasi za mlimani. Kwa hesabu ya ukubwa peke yake, kiangazi cha huko kingemmaliza. Yeye hushuka chini ya ardhi na kukaa huko msimu wote wa ukavu, hali majike wakiwa na mimba, kisha hutoka mvua zinaporudi. Mwili wake ni wa mnyama wa mahali penye unyevu. Tabia yake ndiyo inayomruhusu kuishi mahali panapokauka.

Mfano mwingine wa karibu, ingawa si wa ukoo huu, ni Breviceps mossambicus anayepatikana Tanzania na nchi za kusini yake. Ni mviringo kabisa, miguu yake mifupi, uso kama umebonyezwa. Huchimba kwa miguu ya nyuma na kuzama ardhini kinyumenyume, akitoka mvua zinaponyesha. Mwili huo umemwondolea hata uwezo wa kumkumbatia jike kama vyura wengine wafanyavyo, kwani mikono ya dume haifiki. Badala yake dume hushikamana na mgongo wa jike kwa ute unaonata. Umbo lililotokana na haja ya kuchimba limelazimisha njia mpya ya kuoana, na hapo tunaona kwamba mwili nao huirudia tabia na kuibadilisha.

Mwendo, sumu na mdomo

Vyura wengi wa mitoni huokoa maisha yao kwa mruko mmoja mkubwa. Miguu yao mirefu huwarusha mbali, lakini misuli yao huchoka baada ya miruko michache. Chura wa Bufonidae hurukaruka kwa hatua fupi, na misuli yake hutumia oksijeni kwa namna inayomwezesha kuendelea kwa muda mrefu. Mmoja ni mkimbiaji wa mita 100, mwingine ni wa masafa.

Mwindaji anapomfikia, mwenye miguu mifupi anategemea nini? Anategemea sumu. Uvimbe nyuma ya macho ni tezi kubwa, na maziwa meupe yanayotoka humo yana kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Mbwa aliyemng'ata chura hujifunza somo hilo kwa kutokwa na mapovu. Sumu imemwondolea chura haja ya kukimbia, na miguu mifupi imekuwa matokeo yanayovumilika. Huwezi kueleza miguu hiyo bila kueleza tezi, wala kueleza tezi bila kueleza utulivu wa mnyama anayetembea wazi usiku akitafuta chakula.

Chakula nacho huingia kwenye mnyororo huu. Catherine Toft, katika utafiti wake wa vyura wanaoishi kwenye majani yaliyoanguka huko Panama, uliochapishwa mwaka 1981, aliona makundi mawili yaliyo wazi. Kuna wanaozunguka wakiokota sisimizi na mchwa mmoja mmoja. Hawa wana mdomo mwembamba, na mara nyingi wana sumu. Kuna wanaokaa kimya wakivizia mawindo makubwa machache; hawa wana mdomo mpana na hujificha kwa rangi. Sharon Emerson mwaka 1985 akaonyesha kwamba umbo la fuvu nalo linaendana na mlo: wala wadudu wadogo wanaotembea polepole wana taya fupi zaidi kuliko wala mawindo makubwa. Mzururaji hukutana na hatari nyingi kuliko aliyekaa mafichoni, kwa hiyo mlo, mwendo na sumu vinakwenda pamoja. Ukimwona chura wa msituni mwenye kichwa kidogo kilichochongoka na mwili mwembamba, una haki ya kukisia kwamba anakula sisimizi kabla hujampasua tumbo.

Hata hivyo, urefu wa mguu peke yake unadanganya. Vyura wa jenasi Atelopus wa Amerika ya Kati na Kusini wana miguu mirefu myembamba, na anayewapima makumbusho angewadhani warukaji hodari. Walio hai hutembea polepole mchana kweupe kando ya vijito, rangi zao zikitangaza sumu waliyonayo. Atelopus zeteki wa Panama huinua mkono na kuupunga kama ishara kwa wenzake, kwa kuwa kelele ya maji humeza sauti. Mguu huo mrefu ni wa kutembea juu ya mawe na wa kupashana habari. Kuruka si kazi yake.

Juu ya milima ya vilele bapa ya Venezuela, Oreophrynella nigra amekwenda mbali zaidi. Ni chura mweusi wa takriban sentimita 2, asiyeweza kuruka kwa namna yoyote ya maana. Akitishwa juu ya mwamba, hukunja viungo, hukaza mwili na kujiachia aporomoke chini akibiringika kama kokoto. Uzito wake mdogo humkinga asiumie, na miguu mifupi inayokunjika vizuri ndiyo inayomfanya abiringike. Tabia hiyo ingemuua chura mwenye uzito wa yule wa mitaani kwetu.

Na katika misitu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yuko Sclerophrys channingi, chura mkubwa ambaye mgongo wake una umbo na rangi ya kichwa cha nyoka hatari aitwaye Bitis gabonica. Mwaka 2019 watafiti, miongoni mwao Chifundera Kusamba na Eli Greenbaum, walieleza jinsi kufanana huko kunavyotimia. Pembetatu ya mgongoni, ngozi laini kuliko ya ndugu zake, na mistari ya rangi hukamilishwa na mwenendo: akiguswa hujivimbisha na kutoa mlio wa kufoka. Umbo bila mlio lingekuwa nusu ya ulinzi.

Miti na mito

Makazi yanayoacha alama iliyo wazi kuliko zote ni miti. Katika Milima ya Tao la Mashariki, Nectophrynoides tornieri hupanda juu ya majani usiku, na ncha za vidole vyake zimepanuka. Ndugu yake Nectophrynoides minutus wa Uluguru, anayeishi zaidi chini kwenye majani makavu, hana ncha za namna hiyo. Churamiti maridadi, aliyetangazwa rasmi mwaka 2002 kutoka Milima ya Ukaguru, ni chura wa mitini mwenye rangi za kuvutia, na ni wachache mno waliowahi kuonekana. Katika misitu ya Kameruni hadi Kongo, Nectophryne afra ana mikunjo laini chini ya vidole inayomsaidia kushika majani na magome. Kisiwani Borneo, Rentapia hosii hupanda miti akiwa na ncha pana za vidole vyake mwenyewe. Vyura hawa hawakurithi vidole hivyo kutoka kwa mpandaji mmoja wa kale. Kila tawi liliingia mitini kwa wakati wake, na kazi inayofanana ikazaa kifaa kinachofanana.

Jambo hili linakubaliana na utafiti mpana wa Daniel Moen, Duncan Irschick na John Wiens uliotoka mwaka 2013. Walipima vyura wa China, Australia na Kolombia, wakawarusha na kuwaogelesha, kisha wakalinganisha maumbile na uwezo wao. Wanaoishi kwa namna moja walifanana hata walipokuwa mabara tofauti. Sababu zilikuwa mbili: mageuko yaliyopita njia tofauti yakafika mahali pamoja, na nasaba za kale zilizobaki na mwenendo wao wa zamani kila zilipokwenda.

Mito yenye kasi ina alama zake pia. Vyura wa jenasi Ansonia wa Kusini-Mashariki ya Asia ni wembamba wenye miguu mirefu, wanaofanana kwa mbali na Atelopus. Viluwiluwi vyao vina midomo mipana ya kunata kwenye mawe ili visisombwe. Vile vya Atelopus navyo hung'ang'ania mawe, lakini kwa kikombe cha kunyonya kilichoko tumboni. Tatizo ni moja, kifaa kimechukuliwa kutoka sehemu nyingine ya mwili. Hapa tunajifunza kwamba makazi huuliza swali, na kila nasaba hujibu kwa kile ilichonacho.

Mahali pa kuzalia

Katika kila nililosema mpaka sasa, maji, miguu na mdomo vimechukua nafasi kubwa. Lakini kwa vyura wa Afrika, nguvu inayobadilisha mwili kuliko zote pengine ni uzazi.

Mfikirie Mertensophryne micranotis, chura wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo. Urefu wake ni kama sentimita 2 na nusu, rangi ya jani kavu, na hana ngoma ya sikio inayoonekana nje. Anaishi kwenye majani yaliyoanguka, mahali ambapo mara nyingi hakuna dimbwi la kudumu. Maji anayoyategemea ni yale kidogo yanayotuama kwenye matundu ya miti, vifuu vya nazi na makombe ya konokono wakubwa. Ndani ya kombe moja la konokono hakuna nafasi ya mayai maelfu wala ya kuoana majini kama wafanyavyo vyura wengine, na mayai hurutubishwa ndani ya mwili wa jike. Dume ana miiba midogo kuzunguka tundu la uzazi, kiungo ambacho chura wa dimbwini hana haja nacho. Kiluwiluwi naye ana taji la nyama kichwani linalozunguka macho na pua, linalofaa kwa maisha ya juu ya maji machache yasiyo na hewa ya kutosha. Udogo wa mwili, miiba ya dume na taji la kiluwiluwi ni mambo matatu yanayosomeka pamoja pale tu unapojua kwamba mnyama huyu anazalia kwenye vikombe vya maji.

Nectophrynoides wa Tanzania wamevuka hatua nyingine, wakaacha kabisa kutaga. Mwaka 1905 Gustav Tornier alieleza chura kutoka eneo ambalo sasa ni Tanzania anayezaa watoto hai, na habari hiyo iliwashangaza wanasayansi wa wakati ule. Leo tunajua kwamba jenasi nzima inarutubisha mayai ndani, na watoto hukua tumboni kwa kiini cha yai. Yule wa Mlima Nimba amekwenda mbali zaidi: mimba yake huchukua takriban miezi 9 na mama huwalisha watoto kwa ute unaotoka kwenye mji wa mimba.

Kwa nini yote haya milimani? Christoph Liedtke na wenzake mwaka 2017 walilinganisha vyura hawa wa Afrika na sura ya ardhi wanayoishi. Matokeo yao yalionyesha kwamba uzazi wa nchi kavu unaendana na miteremko mikali. Sababu yake ni rahisi kuielewa ukisimama Usambara au Udzungwa mvua ikinyesha: maji hayatuami. Yanayobaki ni vijito vinavyosomba mayai. Mnyama asiyepata dimbwi ana njia mbili, kuhama au kubeba dimbwi ndani ya mwili wake. Aliyechagua ya pili hana tena haja ya mwili mkubwa wa kujaza maelfu ya mayai. Anazaa wachache, na anaweza kuwa mdogo.

Uzazi unaeleza pia tofauti za jike na dume ndani ya spishi moja. Jike kwa kawaida ni mkubwa, kwa kuwa mwili wake ni ghala la mayai. Dume ni mdogo lakini mikono yake ni minene, ya kumshika jike asiporwe na wenzake. Anayewapima bila kutenganisha jinsia atadhani ameona athari ya makazi, kumbe ameona ndoa.

Mabadiliko mbele ya macho

Wako wanaodhani kwamba mambo haya huchukua mamilioni ya miaka tu. Vyura waliohamishwa na binadamu wametuonyesha vinginevyo.

Mwaka 1935 vyura wapatao 100 wa spishi Rhinella marina, asili yao Amerika, walipelekwa Queensland, Australia, kutoka Hawaii ili wale mbawakawa wa miwa. Mbawakawa hawakupungua, vyura wakaenea. Mwanzoni walisonga kama kilometa 10 kwa mwaka. Baadaye wakavuka kilometa 50. Mwaka 2006 Benjamin Phillips, Gregory Brown, Jonathan Webb na Richard Shine walionyesha katika jarida la Nature kwamba vyura wa mstari wa mbele walikuwa na miguu mirefu kuliko waliokuja nyuma yao, na kwamba wenye miguu mirefu husafiri upesi zaidi. Maelezo yaliyofuata ni ya kuvutia: wenye mwendo wa kasi hufika mbele pamoja, huoana wenyewe kwa wenyewe, na watoto wao hurithi kasi ya pande zote mbili. Ardhi ya mbele haikuwachagua kwa ukavu wala kwa joto. Tabia ya kusafiri ndiyo iliyowachuja. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba uwiano wa viungo vingine nao ulibadilika, na si kwa mwelekeo mmoja ulionyooka. Mwendo huo umewagharimu pia: takriban asilimia 10 ya vyura wakubwa waliochunguzwa walikuwa na ugonjwa wa viungo vya uti wa mgongo.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, kwa kuwa ni chura yule yule wa mitaani kwetu. Sclerophrys gutturalis alipelekwa Mauritius mwaka 1922, na kutoka hapo Réunion mwaka 1927. James Baxter-Gilbert na wenzake mwaka 2020 waliwalinganisha na wa Durban, Afrika Kusini, walikotokea. Majike wa Mauritius wamepungua ukubwa kwa asilimia 33.9, na wa Réunion kwa asilimia 25.9, madume wa Mauritius wamepungua kwa asilimia 22.4. Chini ya miaka 100 imetosha. Spishi moja ikienea Australia mwili unakazana kusafiri. Nyingine ikifungwa kisiwani mwili unapungua. Jenga picha ya ukoo mzima kwa mifano hii miwili, na tofauti kati ya Kihansi na Dar es Salaam haitakuwa fumbo tena.

Mitego ya anayepima

Uchambuzi wa namna hii una mitego mitatu mikubwa. Wa kwanza ni udugu. Vyura watano wenye ncha pana za vidole wanaweza kuwa ushahidi wa mara tano kwamba miti hupanua vidole, au ushahidi wa mara moja tu ikiwa wote wametoka kwa babu mmoja mpandaji. Joseph Felsenstein aliliweka tatizo hili wazi mwaka 1985, na tangu hapo ulinganisho usiozingatia nasaba hauna uzito.

Wa pili ni ukubwa wenyewe. Viungo havikui kwa kasi moja, na chura mdogo anaweza kuwa na kichwa kikubwa kwa sababu ya udogo tu. Urefu wa mguu lazima usomwe pamoja na urefu wa mwili.

Wa tatu ndio ninaouona mbaya zaidi: kutegemea vielelezo vya makumbusho peke yake. Chupa ya spiriti hutunza mfupa, vidole na tezi, lakini haitunzi saa aliyokuwa akitembea, jani alilolalia, wala namna alivyojibu alipotishwa. Atelopus ndani ya chupa ni mrukaji. Oreophrynella ndani ya chupa ni chura mdogo asiye na ajabu. Ukurasa wa maelezo ya porini una thamani sawa na kielelezo chenyewe.

Deni letu la Kihansi

Mambo haya si ya kitaaluma tu. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme wa mto huo ukiwa tayari unaendelea. Eneo lake lilikuwa takriban hekta 2 za nyasi na kangaga zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwili wake ulikuwa unasema wazi ni mnyama wa namna gani: mdogo kiasi cha kukauka upesi, mwenye utando baina ya vidole vya miguu tofauti na wengi wa jenasi yake, asiye na ngoma ya sikio inayoonekana, na mwenye ngozi nyembamba ya tumbo inayoonyesha watoto ndani. Kila alama hapo inaeleza kiumbe aliyefungamana na unyevu usiokatika na asiyeweza kuhamia kwingine.

Mwaka 2000 sehemu kubwa mno ya maji ilichepushwa kwenda kwenye mitambo, na manyunyu yakakoma. Mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa baadaye kuokoa jahazi. Mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla, kuvu wa ngozi anayeua vyura duniani kote akiwa miongoni mwa watuhumiwa, na mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira ulitangaza kwamba ametoweka porini. Ameponea kwa sababu vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 na kuzalishwa huko. Walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza.

Tanzania bado ina vyura wa aina hii wanaofahamika kwa vielelezo vichache. Mwaka 2025 spishi tatu mpya za Nectophrynoides zilitangazwa kutoka katika kundi ambalo kwa zaidi ya karne lilihesabiwa kuwa spishi moja. Kila moja ina eneo dogo kuliko tulivyodhani, na kila moja ina mwenendo wake ambao hatujaukalia chini kuutazama. Tathmini ya mazingira inayoishia kuorodhesha majina na kuhesabu vichwa haiwezi kutuambia ni yupi atastahimili bwawa, barabara au shamba jipya, na ni yupi atakwisha. Inayopima vidole, tezi na tumbo, na ikakaa usiku msituni kuona anayevimiliki anafanya nini navyo, inaweza kulisema hilo mapema. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa kuifanya kazi hiyo, na misitu iko karibu nao. Kihansi tulijua umuhimu wa manyunyu baada ya kuyakata. Kwa milima iliyobaki, utaratibu huo unaweza kugeuzwa, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kumrudisha chura mmoja kutoka ng'ambo.